Unga Tuliopeleka Langoni

Jiwe lilishushwa kwanza, bibi akafuata. Utingo wa lori alilikumbatia huku akitukana kwa lugha mbili, akalibwaga mbele ya mlango wetu pale Bwaise, kisha akarudi kumpa mkono bikizee aliyekuwa bado amekaa juu ya magunia. Bibi alipotia mguu chini hakumsalimu baba wala mama wala mimi. Aliinama akalipapasa jiwe kutoka pembe hii hadi ile, kuona kama limepata ufa. Aliporidhika ndipo akageuka akatuuliza hali.

Lilikuwa jiwe la kusagia, lile la chini, jeusi, lenye bonde katikati lililochimbwa na mikono ya wanawake waliomtangulia. Jiwe dogo la mkononi alikuwa amelifunga kwa nguo mgongoni, mahali anapokaa mtoto. Baba alicheka mpaka akashika ukuta. Alikuwa amemwagiza mama yake aje na nguo zake tu, kwa sababu Kampala kila mtaa una mashine ya kusaga. Bibi alimjibu kwa lugha yao ya kaskazini kwamba mashine ina mwenyewe. Baba akaliviringisha jiwe hadi kwenye kibanda cha jikoni nyuma ya nyumba, akakung'uta mikono, akadhani hayo yamekwisha.

Niseme sisi tulikuwa nani, maana nyumba yetu ilikuwa mchanganyiko. Baba alikuwa dereva wa lori la serikali, la kubeba kokoto za barabara, Mkristo wa kutoka kaskazini. Mama alikuwa Mnubi, Mwislamu, mzaliwa wa hapa hapa. Babu yake aliletwa na jeshi la Waingereza kutoka Sudan, akapewa bunduki na koti, akaoa, akabaki. Mimi nilikuwa mtoto wao wa pekee, msichana wa umri wa kuolewa ambaye hakuolewa, na nilikula sikukuu za pande zote mbili bila aibu. Nyumbani tulisema Kiswahili, lakini lugha ya baba niliijua vizuri, kwa kuwa alinifundisha tangu mdogo kwa ukaidi wake.

Bibi na mama hawakuwa na lugha ya kuongea. Bibi hakujua Kinubi wala Luganda, na mama hakujua neno la kaskazini. Kiswahili cha bibi kilikuwa maneno machache aliyoyapata ujanani kwa askari wa serikali: beba, leta, saga, upesi, funga mdomo. Aliamini lugha yenyewe inaishia hapo. Siku ya kwanza alipomsikia mama akimwuliza jirani kwa Kiswahili amelalaje, alinivuta pembeni akataka kujua yule jirani ameamriwa nini. Kwa hiyo kila jambo baina yao lilipitia kwangu, hata chumvi.

Kulikuwa na jambo jingine. Bibi alipoelezwa ukoo wa mama alimtazama, akasema, "Hawa ndio waliokula unga wetu." Mama akaniuliza amesema nini. Nikamwambia amelisifu gauni lake. Mama alifurahi, na mimi nikabaki na sentensi ile kichwani bila kujua niiweke wapi.

Ilikuwa miaka ile ya jeshi. Watu walionikuta nikiisimulia baadaye hupenda kuniuliza tuliogopa vipi, nami huwaambia kwamba kabla ya kuogopa tulichanganyikiwa, na kuchanganyikiwa ndiko kulikochukua muda wetu mwingi. Mimi nilikuwa nikiuza vitambaa katika duka la Wahindi mjini. Wahindi walipofukuzwa nchini, duka likapewa bwana mmoja aliyevaa miwani ya jua hata ndani. Aliuza kila kilichokuwa kwenye rafu, na rafu zilipobaki tupu alishangaa kweli kweli, kama aliyetegemea vitambaa viote vingine. Akafunga mlango. Nikarudi nyumbani kukaa.

Sukari ikapotea, ikafuata sabuni, ikafuata chumvi. Vya magendo vilipatikana kwa anayejua mlango wa kugonga. Mashine ya kusaga ya mtaani ikawa haina dizeli; leo inanguruma, kesho kimya. Hapo jiwe la bibi likapata kazi. Jirani yetu Muganda, muuza ndizi, alikuwa wa kwanza kuja na beseni la mtama.

"Nyabo, nisagie kidogo," aliniambia kwa adabu na lafudhi ya Kiganda. "Mashine imerara tena."

Baba hakucheka tena. Bibi naye hakumkumbusha, ila kila alipopita karibu naye alilifuta jiwe kwa kanga, taratibu, ili alione.

Alinipigisha magoti kwenye jiwe lile nikajifunza. Nilidhani kusaga ni kazi ya mikono, akanichapa kiunoni kwa kiganja: jiwe husukumwa kwa kiuno, mikono inaliongoza tu. Tulisaga muhogo mkavu uliopondwa, mtama mwekundu, na wimbi kidogo wa kuupa unga rangi. Jiwe likilainika sana alilichonga uso kwa kijiwe kigumu ili liume vizuri, na siku hiyo ugali ulikuwa na mchanga wa jiwe unaosikika menoni. Mama alilalamika. Bibi aliposikia lalamiko kupitia kwangu alisema mchanga ule ndio unaomjulisha mtu kwamba kuna mwanamke aliyepiga magoti.

Alikuwa akisimulia huku akisaga, na masimulizi yake ndiyo yaliyonivuruga zaidi. Alianza na kijijini alipokuwa mke mpya: asubuhi jembe, mchana mtungi, jioni jiwe, na mtoto mgongoni katika yote matatu. Kisha serikali ikaja. Watu wa chifu wakataka wanawake wafagie barabara, barabara ndefu ambayo hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na safari nayo, ili bwana mkubwa akipita asione jani. Ikaletwa pamba, nayo ikawa shamba jingine juu ya lile la chakula. Nilikuwa nikimfuata vizuri mpaka hapo. Lakini akifika kwenye askari wa chifu, ghafla walikuwa wakipita hapa hapa, barabara ya Bombo, na aliniuliza kama wameshapita leo. Nilimwambia wamepita, maana kweli lori la wanajeshi lilikuwa limepita. Sikujua lini yuko kule na lini yuko hapa, na siku nyingine sikujua mimi mwenyewe niko wapi.

Asubuhi moja baba alikwenda kazini, na jioni hakurudi.

Kesho yake mwenzake wa kazini alikuja akasimama mlangoni. Alisema lori la baba lilionekana likiingia katika kambi moja ya jeshi ng'ambo ya bonde, ambayo jina lake silitaji. Nani alikuwa kwenye usukani hakuona. Alikataa chai, na huyu alikuwa mtu asiyekataa chai, akaondoka akipitia nyuma ya nyumba.

Mama alivaa gauni lake la heshima akaanza kuzunguka. Kazini kwa baba walimwambia hayupo kwenye zamu, kana kwamba hilo ndilo aliloliuliza. Polisi walimwambia hawana habari ya mtu huyo, kisha wakamtaka aeleze yeye amezipata wapi habari zake. Jamaa mmoja wa ukoo wake aliyekuwa na cheo alimshauri asimtafute sana. Alipomsindikiza nje akamwambia asikate tamaa. Mama alirudi na maneno hayo mawili, akakaa kitandani akayageuza huku na huku, moja mkono huu, jingine mkono ule. Tulitaka kujua kitu kimoja tu: yu hai, au hatunaye. Hakuna aliyesema amekamatwa. Hakuna aliyesema hakukamatwa. Nililia kwa hasira zaidi kuliko huzuni, maana hata msiba una adabu zake, unajua uketi wapi na uvae nini, na sisi tulinyimwa hata huo.

Bibi ndiye peke yake aliyeonekana kuelewa. Nilipomweleza hakupiga kelele. Aliuliza, "Kambi ipi?"

Nikamwonyesha upande wa ng'ambo ya bonde.

"Wamemchukua kubeba," akasema. "Leteni muhogo."

Hapo ndipo aliponipa kisa kizima cha unga. Alipokuwa na mtoto wake wa kwanza, watu wa chifu walimchukua babu yangu pamoja na wanaume wengine kuwa wapagazi wa serikali na kulima barabara. Waliwekwa kambini chini ya askari waliotoka mbali, weusi kama wao lakini wa lugha nyingine, na amri ikatoka kwamba serikali haina chakula cha kuwapa: wanawake wao watawasagia. Basi wanawake walisaga, wakabeba vikapu kichwani hadi langoni, wakavikabidhi. Ndani hawakuruhusiwa. Kikapu kilirudishwa kitupu, nacho kilikuwa na alama. Mwanamume aliyekula aling'oa jani refu la nyasi akalifunga fundo ukingoni mwa kikapu. Mwanamke akiona fundo hujua yupo, anakula. Asipoliona, anajua aliyohitaji kuyajua.

"Nilisaga," bibi alisema, "na mume wangu alirudi."

Nilimtafsiria mama. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia nimweleze bibi kwamba mambo yale yalikuwa ya zamani, kwamba mtu akienda langoni pale na kikapu anaweza kubakizwa yeye na kikapu chake. Nikamweleza. Bibi akajibu kwamba hata wakati ule walibakizwa. Mama akasema mfungwa hana sufuria. Kama ni kupeleka, tupeleke chakula kilichopikwa. Bibi akasema chakula kilichopikwa huliwa na wa kwanza kukiona, unga hauna budi ufike jikoni. Nilikuwa nikigeuza shingo huku na huku mpaka ikaniuma.

Mwishoni mama akapandisha sauti. "Mwambie hajui wakati uliopo. Mwambie hawa si wale."

Nikamwambia. Bibi akamtazama mama, akanena polepole ili nisikose neno. "Mwambie babu yake alikuwa upande wa ndani ya lango. Mimi nilikuwa nje. Sasa yuko nje pamoja nami, naye hajazoea. Atazoea."

Hiyo nilishindwa kuigeuza kuwa sifa ya gauni. Niliitafsiri kama ilivyo. Mama aliinuka akaingia chumbani. Nilidhani ameudhika. Akatoka na kikapu chake cha harusi, kile chenye kifuniko, kilichosukwa kwa ukindu wa zambarau na wa rangi ya machungwa, kazi ya mikono ya bibi yake mwenyewe. Hakikuwahi kutoka nyumbani isipokuwa kwa sherehe. Akakiweka mbele ya jiwe.

Tulikwenda wote watatu. Bibi alitembea taratibu, akipumzika kwenye kila kivuli, na kila alipopumzika mama alitazama nyuma. Langoni alikuwepo askari kijana, mwenye chunusi, ameegemea kibanda. Kabla sijafungua mdomo bibi alimwendea moja kwa moja, akamwambia kwa Kiswahili chake chote, "Unga. Beba. Upesi."

Yule kijana akasimama wima. Nadhani mwili wake ulisikia amri kabla ya yeye kumwona anayeitoa. Mama alinishika mkono mpaka kucha zikaniingia.

"Wewe mama, nataka nini hapa?" askari akauliza alipojikusanya, kwa Kiswahili cha kambini, nami nikamjibu kwa hicho hicho.

"Afande, ni chakula ya mzee yetu," nikasema. "Dereva. Iko ndani."

"Nani nasema iko ndani?"

"Hakuna mtu nasema, afande."

"Sasa wewe naleta chakula ya mtu, na hakuna mtu nasema iko?"

"Ndiyo, afande."

Alifikiri. Aliinua kifuniko, akachota unga kidogo, akaunusa. Akatazama ndani, akamtazama bibi. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hakuna aliyempa maagizo kuhusu jambo hili, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba hata upande ule wa lango kulikuwa na watu wasiojua kinachoendelea.

"Weka hapa," akasema. "Kikapu kuja chukua kesho."

Kesho yake kikapu kilirudi kitupu, bila fundo. Bibi alizungusha kidole ukingoni kote, akasema wacha tusage tena. Tukasaga. Mama naye alipiga magoti. Alisaga vibaya, unga wake ulikuwa na chenga kama mchanga wa mto, na bibi alimchapa kiunoni kama alivyonichapa mimi. Tulipeleka tena. Kikaja kitupu tena. Nilianza kuona tunawalisha tu wanajeshi, nikasema hivyo kwa sauti.

Safari iliyofuata kikapu kilikuwa na fundo.

Lilikuwa jani la nyasi, bado bichi, limezungushwa kwenye ukindu wa zambarau na kufungwa mara mbili. Mama alipiga magoti barabarani na gauni lake la heshima, akalibusu. Bibi aliliangalia tu, akatikisa kichwa kukubali, akasema turudi nyumbani kuna kazi.

Sijawahi kuishi siku za ajabu kama zile zilizofuata. Mama alibadilika. Alianza kuimba jikoni nyimbo za harusi za Kinubi. Alifua mashati ya baba kwa majani ya mpapai, kwa kuwa sabuni hakukuwa, akayapiga pasi, akayakunja, kisha akayafua tena. Alijifunza kuchonga jiwe. Yeye na bibi walikaa jikoni wakisaga kwa kupokezana, na maneno yao machache yakapata kazi nyingine. "Leta," bibi alisema, na ikawa ni kumkaribisha. "Upesi," mama alimjibu, wakacheka wote wawili kwa kitu ambacho mimi mkalimani sikukielewa. Niliona wivu kidogo.

Lakini usingizini nilivurugika. Nyasi zilijaa pande zote za lango. Yule askari mwenye chunusi angeweza kung'oa moja. Huenda naye alikuwa wa kaskazini, na bibi yake alimsimulia. Huenda ni baba. Huenda ni mtu mwingine ndani asiyetujua. Nilipanga hivyo vitatu usiku, asubuhi nikavikuta vimechanganyika tena. Nilitaka kumwambia mama asiweke moyo wake wote kwenye jani. Kisha nilimsikia akiimba, nikaacha.

Na siku ikafika kikapu kikarudi bila fundo. Na kingine vile vile. Mama alilala kitandani akauelekea ukuta, hakula, hakusaga. Bibi aliendelea peke yake, na sauti ya jiwe lile, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, ilinitia kichaa. Nilimwambia aache. Nilimwambia baba amekufa, na yeye hata hajui ni mwaka gani. Nilisema maneno hayo kwa lugha yake ili yaume. Hakusimamisha jiwe.

"Ongeza mtama," akasema.

Baba alirudi mchana wa jua kali, kwa miguu, akitokea upande wa mji, wala si ng'ambo ya bonde. Alikuwa amekonda, amenyolewa vibaya, na viatu havikuwa vyake. Muuza ndizi ndiye aliyemwona kwanza, akatupa shuka juu ya mkungu wake kana kwamba anaficha kitu, akaingia ndani asije akawa shahidi. Mama alitoka kitandani akamshika uso kwa mikono miwili. Mimi nilisimama tu. Nilikuwa nimeshamlilia kama marehemu kichwani mwangu, sikujua nimpokee kwa mkono gani.

Hakutueleza mengi, wakati ule wala baadaye. Alisema walikuwa wakimtafuta mtu, wakampata yeye, na kwa muda wote ule hakuna aliyeonekana kuwa na hakika kama wamekosea. Siku moja wakamwambia aende. Lori lake sijui liliishia wapi.

Alipokwisha kuoga tulikaa jikoni, karibu na jiwe, na mama akapika ugali wa unga ule ule. Baba alitafuna tonge la kwanza, akaacha kutafuna, akamtazama bibi.

"Umechonga jiwe," akasema.

"Mke wako ndiye aliyelichonga mara ya mwisho," bibi akamjibu. "Ulikula unga wetu?"

"Nilikula, mama."

Nilimtafsiria mama, na uso wake ukang'aa hivi kwamba nilitaka mazungumzo yaishie pale.

"Na fundo ulifunga?" bibi akauliza.

"Nilifunga. Si uliniambia nilipokuwa mdogo. Nyasi hazikuwepo, nikachomoa uzi kwenye shati."

Bibi aliosha vidole vyake kwenye bakuli, bila haraka. "Kikapu kilikuwa na rangi gani?"

Baba akakitazama kikapu cha zambarau na machungwa kilichokuwa kimewekwa pembeni. Niliona akielewa, na niliona akitafuta la kusema kwa ajili ya mama. Hakulipata.

"Hakikuwa na rangi," akasema. "Kilikuwa kikapu cha mianzi. Kimevunjika pembe moja. Mimi sikuwa ng'ambo ya bonde, mama. Hata siku moja sikuwekwa pale. Walinipeleka upande mwingine kabisa wa mji."

"Amesema nini?" mama akaniuliza. Nikamwambia yote. Alishusha tonge kwenye sahani.

"Kile kikapu kilikuwa cha nani?" nikamwuliza baba.

"Sikujua. Aliyekuwa akiletewa hakuwepo tena, tukagawana. Unga ulikuwa na mchanga wa jiwe, nikajua kuna mtu amepiga magoti. Nikaona ni vibaya kikapu kirudi hivi hivi. Nikafunga."

Niligeuka kwa bibi. Nilimkuta hana mshangao wowote, na hapo hasira zangu zote za siku zile zikapata mtu. Nilimwuliza kama alijua. Nilimwambia mama alilibusu lile jani barabarani, mbele za watu.

"Babu yako naye alirudi akaniambia alikula unga wangu," bibi akasema. "Akasema ni wa wimbi mtupu. Mimi wimbi sikuwa nao mwaka ule, nilisaga mtama. Walikuwa wamempeleka kambi nyingine, mbali. Wote tulijua mambo hayo, sisi tuliosaga. Tulipeleka kwenye lango lililo karibu, kwa sababu ndilo lango tuliloweza kulifikia kwa miguu."

"Mbona hukutuambia?"

"Ningewaambia, mngesaga?"

Nilimtafsiria mama neno kwa neno. Mama hakulia. Aliliangalia jiwe, na baba akamwambia taratibu kwamba sasa yamekwisha, amerudi, tukae ndani tusitafute mambo, tusionekane langoni kwa mtu yeyote. Alisema kweli, na alikuwa na haki ya kuogopa kuliko sisi sote. Mama alitikisa kichwa kumkubalia.

Asubuhi niliamshwa na jiwe. Nilijua si bibi, kwa sababu mwendo ulikuwa wa kusitasita na chenga zilisikika. Nilipofika jikoni mama alikuwa amepiga magoti, unga hadi kwenye nyusi, na bibi amekaa nyuma yake amemwekea kiganja kiunoni. Kikapu cha harusi kilikuwa wazi mbele yao.

"Baba yako alikuwa akisagiwa na mtu," mama aliniambia bila kugeuka. "Sijui ni mke wa nani, na mume wake hakuwepo tena. Peleka wewe, baba yako akiniona nikitoka atakufa."

Nilitaka kukataa. Nilikibeba kichwani nikavuka bonde, na njia nzima nilijiuliza nitasema nini, maana safari zote zile nilikuwa na baba wa kumtaja. Langoni alikuwepo yule yule mwenye chunusi. Alikitambua kikapu kutoka mbali, akatembea kuja kunipokea, akainua kifuniko.

"Mzee yenu narudi, nasikia," akasema.

"Amerudi, afande."

"Sasa hii ya nani?"

"Sijui, afande."

"Wewe naleta chakula ya mtu, na hujui nani?"

"Ndiyo, afande."

Alitazama barabara pande zote mbili, kisha akakibeba mwenyewe kikapu kwa mikono miwili, akaingia nacho ndani. Mimi nikakaa ng'ambo ya barabara, kwenye nyasi, nikamsubiri akirudishe.